Nyumba tunayouza ina rangi yenye madini ya risasi, na mnunuzi ana mtoto mdogo

Swali

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Sasa tunaishi Worcester, jimbo la Massachusetts, lakini mume wangu amepata kazi Texas na ameshatangulia. Mimi nimebaki na watoto kumalizia mauzo ya nyumba.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1926. Ni ya mbao, ina varanda mbele na madirisha ya kizamani ya kupandisha na kushusha. Tulipoinunua tuliwekewa mbele yetu rundo la karatasi, tukatia sahihi zote bila kusoma. Binti yetu alipofika miaka miwili daktari alimpima damu, akakuta madini ya risasi, kiwango 8. Tukamwita mkaguzi mwenye leseni. Alipita chumba kwa chumba na kimashine chake, akatuachia ripoti kwamba rangi yenye risasi iko kwenye madirisha yote ya mbele, milango miwili, ngazi na nguzo za varanda. Alisema dirisha la chumba cha mtoto ndilo baya kuliko yote. Nilipoinama kutazama vizuri, nikaona kwenye ubao wa chini wa dirisha alama za meno ya mwanangu.

Bei ya kuiondoa rangi ile ilitushinda. Mume wangu na ndugu yake wakakwangua palipokuwa panabanduka, wakapaka rangi mpya mara mbili. Mimi nikawa napangusa madirisha na sakafu kwa kitambaa kibichi kila mara. Kiwango cha damu kikashuka, maisha yakaendelea. Binti sasa ana miaka 10 na ile ripoti iko kwenye droo.

Sasa amepatikana mnunuzi, na ndipo usingizi uliponipotea. Ni familia ya Wakongo waliokuja hapa kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mke tuko naye kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kufaana, ananiita dada. Ana mtoto wa kiume wa mwaka na nusu na ana mimba. Wamehangaika miaka kuweka akiba ya malipo ya awali.

Dalali wetu, naye mtu wa nyumbani, ameniletea fomu ya rangi ya risasi nijaze. Akaniambia: "Weka alama hapa, kwamba hamna mnalojua wala hamna ripoti. Ukisema unajua, utapoteza dola elfu arobaini au mnunuzi mwenyewe." Mume wangu anamuunga mkono. Anasema rangi imeshafunikwa, sisi wenyewe hatukuambiwa kitu tuliponunua, na fedha hizo ndizo za kuanzia maisha kule. Shemeji anasema niwaache hawa nitafute mnunuzi asiye na watoto, ili moyo wangu utulie.

Mama, nifanye nini? Nikisema, ndoa yangu itavunjika? Nikinyamaza, nitamtazamaje yule dada?

Mama wawili, Worcester

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Usiweke alama hiyo. Naanza na hilo kwa sababu fomu iko mezani na dalali anakuharakisha, na sitaki usome barua ndefu kabla ya kujua msimamo wangu. Kisanduku cha "sijui" ni cha mtu asiyejua kweli. Wewe unajua, tena unajua hadi dirisha lenyewe, na una ripoti ya mtu mwenye leseni. Ukitia sahihi kwamba hujui, utakuwa umesema uongo kwa maandishi, mbele ya sheria ya nchi nzima.

Nikueleze sheria yenyewe, maana naona hofu yenu imejengwa juu ya kitu ambacho sheria haisemi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978. Mwaka 1992 Bunge la nchi likapitisha sheria ya kupunguza hatari zake majumbani, na tangu mwaka 1996 kila anayeuza au kupangisha nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ana wajibu wa kusema anachojua. Lazima amweleze mnunuzi rangi hiyo iko wapi, ampe kila ripoti aliyonayo, ampe kijitabu cha serikali kinachoeleza hatari zake, na aweke ndani ya mkataba onyo la risasi lenye sahihi za pande zote. Mnunuzi hupewa siku 10 za kuleta mkaguzi wake akitaka, isipokuwa mmekubaliana muda mwingine au yeye mwenyewe ameiacha nafasi hiyo kwa maandishi. Haya yote hufanyika kabla hajafungwa na mkataba. Karatasi hizo unazihifadhi miaka 3 baada ya mauzo.

Sasa angalia kisichomo. Sheria hiyo ya taifa haikuamuru kuondoa rangi ndipo uuze. Haikuamuru hata kupima. Mtu asiye na ripoti yoyote anaweza kusema kwa haki kwamba hana. Inachodai kwako ni ukweli ulionao tu, na ukweli huo tayari umeandikwa na uko kwenye droo yako.

Dalali wako amekuambia nusu ya hesabu. Amekutajia utakachopoteza ukisema, hakukutajia utakachopoteza ukinyamaza kwa makusudi. Mnunuzi aliyefichwa ukweli anaweza kukushtaki na kudai mara tatu ya hasara aliyoipata, na juu yake kuna faini za serikali. Wala yeye dalali hajasalimika: sheria inamtaka akuarifu wajibu wako na ahakikishe umetimizwa, halafu anatia sahihi kwenye fomu ile ile. Ushauri wake basi unamhatarisha na yeye. Mwandikie barua pepe fupi, kwa upole: "Tunayo ripoti ya ukaguzi ya mwaka fulani, naomba iambatanishwe na fomu na wanunuzi wapewe nakala." Ukishaandika hivyo, mambo ya kunong'onezana yamekwisha. Akikataa, nenda kwa mkuu wa ofisi yake.

Tena mko Massachusetts, ambako jimbo lina sheria yake tangu mwaka 1971, na ni kali kuliko ya taifa. Mtoto wa chini ya miaka 6 akiishi katika nyumba yenye hatari ya risasi iliyojengwa kabla ya 1978, mwenye nyumba ana wajibu wa kuiondoa hatari hiyo au kuidhibiti kwa njia iliyoidhinishwa. Kwa hiyo mwanangu, binti yako alipokuwa mdogo sheria hii iliwahusu na ninyi. Mweleze wakili wenu wa mauzo jambo hilo waziwazi, asije akalisikia kwingine. Na kuhusu kutoambiwa mliponunua, fungua lile rundo la karatasi. Kwa jimbo hilo sitashangaa ukiikuta fomu ya risasi mle ndani, yenye sahihi zenu.

Kwa huyu dada Mkongo sheria hiyo ina uzito mwingine kabisa. Yeye ana mtoto wa mwaka na nusu. Siku nyumba itakapoandikwa jina lake, atakuwa na siku 90 za kuiondoa hatari hiyo au kuidhibiti. Ukimficha, utakuwa umemuuzia sumu pamoja na deni la kisheria asilolijua, wakati akiba yake yote imekwisha kwenye malipo ya awali. Tena jimbo lina rejesta ya ukaguzi wa risasi kwenye intaneti, na mtu yeyote huandika anwani ya nyumba akaona kilichosajiliwa. Siku daktari atakapomwambia damu ya mwanawe ina risasi, jambo la kwanza watakalomfundisha ni kutafuta anwani hiyo.

Mume wako anasema rangi imefunikwa. Hili nataka alisome mwenyewe. Madirisha yenu ni ya kupandisha na kushusha. Kila mkiyafungua, mbao mbili zinasuguana ndani ya fremu, na msuguano huo unasaga rangi yote, mpya ya juu na ya zamani ya chini. Kinachotoka ni vumbi laini lisiloonekana, linatua kwenye ubao wa dirisha na sakafuni, mahali mtoto anapotambaa na kuchezea kabla ya kutia vidole mdomoni. Watu wengi hudhani hatari ni mtoto kula magamba ya rangi. Magamba ni hatari kweli, lakini watoto wengi huipata risasi kwa vumbi hili. Rangi ya kawaida ya dukani haizuii msuguano. Na kule kukwangua kwa mkono bila kuzuia vumbi kungeweza kuiacha nyumba katika hali mbaya kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Kilichomsaidia binti yako, kwa maelezo yako mwenyewe, huenda ni hicho kitambaa chako kibichi. Umekiacha muda gani sasa?

Mwili wa mtoto huipokea risasi kama kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa na kwenye ubongo unaokua. Haina homa wala upele wa kukushtua. Inaonekana miaka baadaye darasani, katika usikivu, katika kujifunza, katika hasira zisizo na sababu. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kimesema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na mwaka 2021 kilishusha kiwango cha kuchukulia hatua hadi mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Nane ya binti yako ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mama mjamzito naye huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana katika nyumba hiyo sihesabu mtoto mmoja, nahesabu wawili.

Wewe ni mtu wa Changamwe, hivyo najua umesikia habari za Owino Uhuru, jirani na kwenu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watoto na wazazi wao risasi mwilini. Phyllis Omido alipigania jambo lile hadi akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Madini ni yale yale. Lakini kuna kisa kingine kilicho karibu zaidi na hapo ulipo. Mwaka 2000, mjini Manchester, New Hampshire, jimbo jirani na lenu, mtoto wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi wa Sudani alifariki kwa sumu ya risasi. Familia ilikuwa na wiki chache tu Marekani. Wachunguzi walikuta rangi ya risasi katika nyumba ya zamani waliyokuwa wamepanga. Familia hii ilikuwa imevuka vita na ukimbizi ikafika salama. Sikuambii haya ili kukutisha kwamba hilo ndilo litakalotokea, maana kiwango cha mtoto yule kilikuwa cha juu mno. Nakuambia kwa sababu watu wanaotoka kambini hawana namna ya kujua kwamba dirisha linaweza kudhuru. Huenda kijijini na kambini hawakukutana na rangi hiyo. Wewe unajua, na ananiumiza moyo huyu dada anayekuita dada bila kujua umeshika nini mkononi.

Shemeji yako anataka utafute mnunuzi asiye na watoto. Naielewa nia, lakini usifanye hivyo. Kwanza, kumkatalia mtu kumuuzia nyumba kwa sababu ana watoto ni ubaguzi unaokatazwa na sheria ya makazi ya Marekani. Pili, asiye na mtoto leo atapata kesho, au ataleta wajukuu, na fomu utaijaza vilevile kwa mnunuzi yeyote. Tatu, si kazi yako kumwamulia. Yeye na mumewe wakishapewa ukweli wote wataamua wenyewe kama nyumba inawafaa, kwa bei gani, na waanzie wapi.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo penye hofu. Nyumba kuukuu ndizo zilizojaa Worcester. Kwa makadirio ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, asilimia 87 ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 zina rangi ya risasi. Huyu dada akiikimbia yako akaenda mtaa wa pili kwenye nyumba ya 1930, yaelekea atakuta rangi ile ile, tofauti ni kwamba muuzaji wa kule hana ripoti. Yako inamwambia wapi pana hatari na wapi hapana. Fundi anaweza kuisoma akatoa bei. Mnunuzi mwenye akili hukimbia asichokijua kuliko anachokijua.

Kwa hiyo, kabla ya kuketi nao, mwite fundi mwenye leseni ya jimbo ya kuondoa risasi, au wawili, wakupe bei kwa maandishi. Hiyo elfu arobaini ya dalali imetoka wapi? Nyie mlipewa bei miaka minane iliyopita, na hamjui ya leo. Huenda kazi kubwa ni kubadilisha madirisha, jambo ambalo mnunuzi wa nyumba ya 1926 angelifanya siku moja hata bila risasi, kwa sababu ya baridi. Ukishapata bei, mna njia kadhaa: mfanye kazi ninyi kabla ya kuuza na mpate barua ya jimbo ya kuthibitisha, au mshushe bei, au mkubaliane kiasi fulani kitolewe kwenye fedha zenu siku ya kukabidhiana hati ili kimsaidie kazi hiyo. Mimi napendelea kushusha kwa kiasi cha bei ya fundi, kwa sababu nyumba itakuwa tupu baada ya ninyi kuhama, na wao wanaweza kufanya kazi yote kabla ya kumwingiza mtoto. Benki yao iulizwe mapema kama inakubali mpango huo.

Mwambie pia misaada iliyopo, maana hatajua kuiuliza. Jimbo hutoa nafuu ya kodi ya hadi dola 3,000 kwa makazi yaliyoondolewa risasi kikamilifu. Kuna mkopo wa jimbo uitwao Get the Lead Out, unaotolewa kupitia MassHousing, shirika la jimbo la mikopo ya nyumba. Na aulize ofisi ya makazi ya mji kama kuna ruzuku iliyofunguliwa kwa sasa.

Jambo moja la kufanya leo: kama mmepanga kupaka rangi ili nyumba ipendeze kwenye picha, simamisha. Asije ndugu wa mume wako na msasa tena. Tangu mwaka 2010 mafundi wa kulipwa wanaovuruga rangi katika nyumba za kabla ya 1978 wanatakiwa wawe na cheti cha kazi salama ya risasi, na vumbi litakalopigwa sasa ndilo litakalomkuta mtoto wa watu.

Namna ya kumwambia, nenda mwenyewe. Usimwachie dalali, wala usimpe habari hii mbele ya akina mama wenzenu kikundini. Waketishe yeye na mumewe. Waeleze kwa Kiswahili: binti yangu alipimwa akakutwa na kiwango hiki, mkaguzi alikuta hapa na hapa, tulifanya hivi, hatukufanya hivi. Waoneshe dirisha. Kisha wape nakala ya ripoti yote, kurasa zote, pamoja na kijitabu, kwa sababu maneno ya mdomo hayatimizi sheria na wao watahitaji karatasi ya kumpelekea wakili na fundi. Kama Kiingereza chao ni kidogo waombe wakili mwenye mkalimani, na asitumwe mtoto wao wa shule kutafsiri. Waambie wanazo siku 10 na wasione haya kuzitumia.

Wanaweza kujitoa. Ikiwa hivyo, rudisha nyumba sokoni ripoti ikiwa juu ya meza tangu siku ya kwanza, na bei ikiwa imeshazingatia madirisha. Utauza. Inaweza kuchukua muda zaidi, na mume wako Texas atalazimika kupanga kwanza. Hilo mnalimudu.

Mumeo msomee barua hii kwa simu usiku huu, hasa pale pa madirisha. Na huyo binti wa miaka 10: hukuniambia anaendeleaje shuleni, na wala hukumtaja mdogo wake, ambaye naye alitambaa kwenye sakafu hiyo hiyo. Mwombe daktari akupe vipimo vyao vyote vya damu vya nyuma, umweleze nyumba mliyokaa, na kama mmoja wao ana ugumu wa kusoma au kutulia darasani, omba shule imfanyie tathmini kwa maandishi. Nakala za vipimo hivyo ziingie kwenye mizigo ya Texas, kwa sababu daktari mpya wa kule hatakuwa nazo.